Mwenye Nyumba Hayupo

Ukitaka kumpoteza Breki, mwonyeshe nyumba ya bei poa. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mzima anayejua kumzuia mwanafunzi kabla hajaparamia ukuta, lakini siku dalali alipompeleka kwenye nyumba yenye wapangaji tayari ndani, akili yake ilikwenda likizo. Akaweka rehani nyumba anayoishi na mkewe, akachukua mkopo benki, akainunua. Wapangaji wangelipa kodi, kodi ingelipa benki, na yeye na mkewe wangekula uzee wao kwa raha. Kwa nini muuzaji alikuwa na haraka vile, hakuuliza.

Wapangaji hawakulipa. Na wala hawakuwa wakorofi, hilo ndilo lililomchosha. Seremala alimpisha kwenye kiti chake na kuapa kwamba mwisho wa mwezi hautapita. Mzee wa chumba cha kona alimwita mwanangu, akamsimulia habari za presha yake mpaka jua likatua. Mama Pacha, mshonaji, alimtazama mabegani akasema shati lile linampwaya, alivue ambanie kidogo, bure. Breki alirudi nyumbani na fulana ya ndani, bila shati na bila kodi. Wakili naye akamwambia kesi ya kuwatoa itakula mwaka mzima, na kwanza alipwe yeye.

Mkewe ndiye aliyetoa wazo.

"Baba, hamia hukohuko. Wakuone asubuhi, wakuone jioni, mpaka wakuchoke. Watalipa tu ili wapate kupumua."

"Nikalale kule, na nyumba yangu ninayo?"

"Utakuwa nayo mpaka lini?"

Breki akabeba godoro, akalitupa kwenye kijichumba kilichokuwa stoo. Siku ya kwanza alikunja uso kutwa nzima. Jioni Mama Pacha akamletea sahani ya chakula imefunikwa. Akaikataa. Mama Pacha hakubishana naye, aliiweka mlangoni akaenda zake, na harufu ikaingia bila kupiga hodi. Breki akala.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Utamdai vipi mtu ambaye sahani yake bado iko godoroni kwako, nawe umeilamba mpaka inang'aa? Kesho yake seremala akamgongea kitanda. Mzee akataka kupelekwa hospitali, na mwenye gari ni nani? Zamu ya kufagia ua ikamfikia, akafagia. Watoto wakamwita babu. Kila alipofungua kinywa kutaja kodi, mtu alikuwa anamkaribisha mezani, na neno likarudi tumboni pamoja na tonge.

Mkewe alipiga simu kila siku. "Wameanza?"

"Wanajikusanya."

Alikuwa anamdanganya mwanamke aliyetia saini rehani kwa kumwamini yeye, na alijiona mnyonge kuliko wote. Abaki pale, hapati kitu. Arudi nyumbani, atamwambia nini? Benki walishaanza kutaja mnada.

Siku moja alikuwa chumbani kwa Mama Pacha akimshikia pazia alilokuwa anakata, geti likagongwa. Kupitia dirishani akamwona afisa mikopo, yuleyule aliyemnunulia soda siku ya kutia saini, na mwenzake kashika makaratasi. Kabla hajafikiri, Breki alikuwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyemwambia ajifiche.

Mama Pacha alimtupia jicho, kisha akaendelea kukata.

"Mwenye nyumba yupo?" afisa akauliza dirishani.

"Hata sisi tunamtafuta, mwanangu. Choo kimeziba tangu juzi."

"Tumeambiwa siku hizi anaishi hapa."

"Angekuwa anaishi hapa, choo kingeziba?"

Afisa akacheka kidogo, akaaga kwa adabu. Nje ya dirisha akamwambia mwenzake, "Twende kwa mkewe. Tubandike tangazo la mnada leo, tumalize. Yule mama hana shida, atatufungulia."

Breki alisikia kila neno. Angeweza kutoka. Angewaambia mimi hapa, muacheni mke wangu, nidaini mimi. Alitaka kutoka, Mungu anajua, lakini alibaki nyuma ya mlango mpaka gari likaondoka.

"Mara ya kwanza ndiyo ngumu," Mama Pacha akasema kwa upole. "Moyo unadunda mpaka unadhani wanausikia. Utazoea."

Pazia lilikuwa limekaribia kwisha simu ya Breki ilipoita, akaitoa mfukoni. Mkewe. Basi walikuwa wameshafika. Breki akasogeza kidole apokee, na Mama Pacha akamshika mkono.

"Usipokee, baba. Ukipokea, lazima useme kitu. Mimi simu zako nilikuwa sipokei. Ukiiacha inanyamaza yenyewe."

Akalitazama jina la mkewe likiwaka, mpaka likazimika. Ilipoita tena, hakuitazama. Alishika upande wake wa pazia, akalinyoosha, Mama Pacha akakata.