Sura Waliyosoma Wodini

Mwaka 1995 katoni ya vitabu vya msaada ilishushwa stesheni ya Shinyanga, ikapelekwa kwenye sekondari walikofundisha Donatus Ngassa na mkewe Noela. Vilikuwa vitabu vya bure vya kumwanzisha mtu uchanganuzi wa hisabati, hesabu za chuo kikuu zinazodai kila kanuni ithibitishwe toka mwanzo. Mkuu wa shule alivipekua, akasema pale havina mwanafunzi, viende stoo.

"Wanafunzi wapo wawili," alisema Donatus, akamwangalia mkewe.

Wote wawili walikuwa na stashahada tu. Walijiandikisha kufanya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu, na kila jioni, binti yao Limi akishakula, waliketi mezani na kitabu kimoja katikati. Noela alipenda kukimbilia jibu. Donatus hakumruhusu kuruka hata zoezi moja.

"Anza na yule anayekudai ukaribu," alikuwa akimwambia kila walipothibitisha kwamba hesabu inakaribia jibu fulani. "Akishasema anataka uwe karibu kiasi gani, ndipo umwonyeshe pa kusimama. Ukigeuza, umeharibu."

Kabla ya masika miguu ya Donatus ilivimba. Figo, daktari alisema. Alilazwa hospitali pale mjini, na mama yake, Nyamizi, akaja kutoka kijijini Samuye kumuuguza. Alipomkuta mwanawe ameshika kitabu kwa mikono inayotetemeka, alikichukua, akakifunga.

"Mama Limi, nakuomba. Hiki kinammaliza nguvu. Kisiingie tena humu."

Noela hakuweza kubishana na mkwe wake. Alikirudisha nyumbani, akawa anasoma asubuhi kabla ya vipindi, na mchana anakwenda wodini akiwa ameubeba uthibitisho kichwani. Donatus alitabasamu.

"Mama amefunga kitabu. Wewe hajakufunga mdomo."

Basi Noela akamsimulia sura ya mwendelezo, ile ya kuthibitisha kwamba mchoro wa hesabu haukatiki popote, polepole, akichanganya Kisukuma ili Nyamizi asijione ametengwa. Akikosea, Donatus alikunja uso, naye akarudi nyuma. Siku moja alikosea, na uso ule haukukunjwa. Noela alisubiri. Akalirudia kosa lile lile kwa makusudi, kwa sauti zaidi.

"Endelea tu," Donatus alinong'ona. "Nakusikia."

Ndipo alipojua kwamba mumewe anasikia sauti, hafuati tena maneno. Aliendelea hadi mwisho, kosa likiwa ndani ya uthibitisho. Jumapili iliyofuata Donatus alifariki.

Walimzika Samuye. Matanga yalipoisha, Nyamizi alimwita Noela jikoni.

"Ningemwachia tu kitabu chake," alisema. "Nilidhani nampumzisha."

"Ulimpumzisha, mama," Noela alijibu. Hakujua kama ni kweli, ila alimwona mama yule amekonda kwa siku chache tu, akamshika mkono.

Mtihani aliufanya peke yake, akafaulu. Limi alibaki kwa bibi yake, yeye akapanda treni kwenda Dar es Salaam. Katika mhadhara wa kwanza wa uchanganuzi, mhadhiri alijaza ubao, akauliza nani ameelewa. Wanafunzi waliinamia madaftari yao. Noela alikuwa ameelewa mstari kwa mstari, maana ndiyo yale aliyoyapitia na Donatus zoezi kwa zoezi, lakini hakuinua mkono.

Kipindi kilipokwisha alikaa kwenye ngazi za jengo, wanafunzi wakampita kulia na kushoto, akalia bila kujificha. Kengele ya kipindi kingine ilipogongwa, alijifuta uso kwa kanga, akaingia.