Mahindi ya Wamaya Yalivyonichunguza

Usiku wa jana niliota sauti kwanza: krrr, krrr, jiwe linasaga kitu gizani. Kisha pakapambazuka, nikajikuta katika shamba la mahindi la Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, milimani, mbali kabisa na kwetu Muheza, nimeshika kinasa sauti.

"Nimekuja kuwachunguza," nikatangaza. Mimi ni mshairi. Vina na mizani nimejifundisha mwenyewe, shamba halinitishi.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Petrona, mwanamke wa Kimaya aliyekuwa akisaga. "Huku mchunguzi huchunguzwa kwanza. Keti."

Naketi. Mahindi yote yananigeukia. Hindi moja refu linakohoa.

"Unakula nini?"

"Ugali wa sembe."

Shamba zima linapiga vigelegele. "Mjukuu wetu! Sisi ndio nyama ya mwili wake! Tazameni magoti, ya shangazi yake kabisa!"

"Shikamooni," kinasa sauti kinasema, kwa adabu.

"Marahaba. Na wewe, mjukuu, kazi yako?"

"Kughani mashairi."

"Ghani."

Naghani kwa kishindo. Beti zinanitoka mdomoni, kila moja na mguu mmoja. Zinarukaruka, zinaanguka mtaroni.

"Ni nusu hizo," anasema Bi Petrona. "Kwetu neno huumbwa na wawili, anayesema na anayesikia. Nani hukusikiliza?"

"Dada yangu Mwanaidi. Kila jioni."

"Naye husema nini?"

"Bado hajasema. Sijamaliza."

Mahindi yanacheka mpaka majani yanachanika. Shamba sasa ni jiko letu. Mwanaidi amekaa juu ya kinu, amepakata beti zake mwenyewe. Nazo zina mguu mmoja mmoja, tena zinahema kwa shida.

"Zisiposikilizwa leo zitakufa," linasema hindi refu. "Na zako zitazifuata."

Kiburi chote kimeniisha. "Nifanyeje, babu?"

"Lete sikio."

Likainama, likanong'ona. Nikatekenyeka, nikaamka nacheka.

Kulikuwa kumekucha. Sikioni mwangu mlikuwa na unywele mmoja wa hindi bichi, una umande. Kwetu mahindi hata hayajapandwa.

Nikakimbilia jikoni. Mwanaidi alikuwa anakoroga uji.

"Dada, lete beti zako."

Mwiko ukasimama hewani. "Nani kakwambia ninazo?"

"Ndugu zetu."

"Ndugu gani? Wewe! Utanikatiza kwenye mstari wa kwanza."

Nikaketi sakafuni, miguu nimekunja.

"Wallahi, Mwanaidi, leo nasikiliza mpaka umalize. Na kesho unaanza wewe."