Zamu ya Mhina

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa matangani, ndani ya ukurasa wa themanini na saba.

Ukurasa huo naujua. Ndipo tulipoishia mimi na mume wangu Mhina, miaka miwili na miezi mitano iliyopita. Tulikuwa tukisomeana riwaya kwa sauti, yeye ukurasa, mimi ukurasa, na ilikuwa marufuku mtu kusoma mbele bila mwenzake. Jioni moja nilimaliza wangu, nikakunja pembe, nikamkabidhi kitabu. Kesho yake akalazwa. Alikwenda nacho hospitali, kikarudi na nguo zake, yeye hakurudi. Sijakigusa tangu hapo, maana zamu ni yake. Mimi ni mwandishi, na tangu hapo sijaandika hata barua ya udhuru.

Basi naingia. Wahusika wamekaa mkekani, wananipa pole mmoja mmoja. Bi Mwanakheri, mwenye nyumba katika riwaya ile, anammiminia mgeni chai. Amekuwa akiimimina tangu tulipoacha kusoma. Imefurika sahani, imelowesha mkeka, sasa inatufika vifundoni. Mgeni mwenyewe, bwana aliyekuja kumwomba msamaha, bado ana mguu mmoja ndani na mwingine nje ya kizingiti. Ule wa nje umeota nyasi.

"Hatukulaumu, dada," Bi Mwanakheri ananiambia, mkono haujaacha birika. "Lakini matanga ni siku tatu, yakizidi sana saba. Sisi ni mwaka wa tatu huu na mgeni hajakaa. Tunaomba uyaanue."

Nikawaeleza kwamba sina mamlaka hayo, anayesubiriwa kusoma ni Mhina. Wakasema wanalijua hilo, ndiyo maana wamemwita msemaji wa familia. Msemaji alikuwa miwani ya Mhina. Ilivaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, kazi yangu hiyo. Ikatangaza kuwa zamu haihamishwi ila kwa idhini ya mwenyewe, ikaniuliza kama ninayo. Nikasema sina. Ikasema basi nikamwombe.

"Nikamwombe wapi?"

"Alipolala mara ya mwisho."

Nageuka, na mkeka tayari ni wodi. Chai imetufuata. Kitanda namba tisa kimekaa, kimekunja miguu yake ya chuma, na kinanikumbuka. Kinauliza kama shingo imepona, maana nililala siku nne kwenye kile kiti cha plastiki. Nasema imepona. Nauliza kama marehemu aliacha idhini yoyote.

Kitanda kinatazama dirishani kwanza.

"Dada, alikisoma."

"Alisoma nini?"

"Kitabu. Chote. Wewe ulikuwa umesinzia. Alisema hawezi kuondoka bila kujua kama yule mgeni alikunywa chai."

Nimemlilia Mhina bafuni, nimemlilia kwenye foleni ya samaki, nimemlilia mbele ya fundi bomba aliyekuja kwa shughuli zake. Kumkasirikia, sijawahi mpaka hapo. Tulisomeana miaka kumi na tisa. Kuna mwaka alisafiri miezi mitatu, nami nikakaa na muuaji wa riwaya asiyejulikana kabatini miezi mitatu, sikufunua hata ukurasa. Na sasa nimemlindia ukurasa mwaka wa tatu huu, kumbe aliumaliza zamani, kajifunika shuka.

Nikasema mume wangu ni mwizi. Kitanda kikakubali. Kikaongeza kwamba alipomaliza aliikunja tena pembe palepale pa mwanzo, aliilainisha kwa ukucha nisije nikagundua, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka.

Hasira ikaniishia hapo. Nilimtamani kuliko siku tuliyomzika. Sikutaka wosia wala neno la kwaheri. Nilitaka sauti yake isome kitu kisichotuhusu, habari ya watu wengine na birika lao, nami nimelaza kichwa napinga anavyotamka majina.

Miwani ikatoa uamuzi. Zamu ya Mhina ilitumika, ingawa kwa siri, hivyo inayofuata ni yangu. Wahusika wakaanza kukunja mkeka kwa furaha. Nikawaambia wangoje. Siwezi kuendelea kutoka ukurasa ambao sijausikia, na sheria ni yake kama ilivyo yangu. Anisomee kwanza huo mmoja, kwa sauti, ndipo nichukue wangu.

Walitazamana. Kisha kitanda kikasogea kando kidogo, kumpisha mtu.

Nikaamka.

Asubuhi nilikuwa uani naanika nguo alipokuja Mwanashehe, jirani aliyehamia nyumba ya ubavuni mwezi uliopita. Kuta zetu hazifiki darini, kwa hiyo akichemsha maji nasikia, nikipiga chafya ananiombea afya. Alinisalimia, akanisaidia shuka moja, akasema nimwie radhi, hakukusudia kusikiliza, ila usingizi ulimwishia kwa utamu.

"Utamu wa nini?"

"Yule mwanamume aliyekuwa anakusomea. Ukurasa mmoja tu, kisha kimya. Anasoma vizuri, jirani, ila ana kasoro. Anacheka kabla hajafika penye kichekesho."

Nilishika kamba ya kuanikia. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu mwenye kasoro hiyo, na nilimgombeza kwayo miaka kumi na tisa.

Mwanashehe akauliza kama msomaji huyo atakuja tena leo. Nikasema haji, leo nasoma mimi. Akaifikicha pembe ya shuka, akauliza kama itakuwa vibaya akileta kiti chake upande huu wa ukuta.

Nikamwambia akilete, lakini kwangu mimi watu husoma kwa zamu.