Bunduki ya Shemeji

Mimi ninashuku watu, na sioni aibu kusema. Nilizaliwa mtaa wa Buyenzi, kati ya gereji na msikiti, na mtu akikulia pale anajua mapema kwamba kitu cha okazyo, kilichokwisha kutumika, kikija kinang'aa, kwanza uulize kwa nini kimeng'arishwa. Mume wangu Uthmani, anayeuza vipuri vya gari, husema hata malaika akibisha hodi kwetu nitamwomba kitambulisho. Ndiyo, nitamwomba. Malaika gani anaogopa kitambulisho?

Basi Jumapili moja Uthmani akarudi nyumbani, akavua shati, nikaona alama ya buluu begani, kubwa, karibu na kwapa. Nani amekupiga? Hakuna. Umeanguka? Apana. Na anacheka. Mume anaulizwa, anacheka, wewe utafikiria nini? Nilifikiria mwanamke. Nikafika hadi kumwaza huyo mwanamke mwenyewe ni wa namna gani, anayepiga watu mabega.

"Mama Khadidja," akaniambia, maana mtoto wetu wa kwanza ni Khadidja, "ni bunduki."

Afadhali angesema mwanamke! Katika mji huu neno hilo haliingizwi nyumbani hivi hivi. Tumewahi kulala sakafuni tukisikiliza, sote, na watoto katikati. Nilikaa kitandani, nikamwambia aeleze upesi kabla sijapiga kelele.

Akaeleza. Kuna mteja wake, Sébastien, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Rohero, mtaa wa wenye pesa. Ana shamba upande wa Rusizi, na huko ana mashine inayorusha visahani vya udongo hewani. Watu wanavipiga vikiwa vinaruka, vikivunjika wanashangilia, wanakunywa Fanta, wanarudi kwao. Springi ya mashine ilikatika, Uthmani akaitengeneza, akaambiwa naye ajaribu. Sahani yake ya kwanza ikawa vumbi. Tangu siku ile, mtu wangu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Bunduki zenyewe, alisema, ni za marisawa, zinamwaga chembe ndogo ndogo, si zile za vita. Kila moja ina karatasi zake na zinalala shambani ndani ya kabati la chuma. Kibali alishakipata. Sasa anataka yake mwenyewe, ya mfuko wetu sisi, si ya mfuko wa Rohero.

"Umepata kibali bila kuniambia?"

"Ningekuambia, ningekipata?"

Hapo alikuwa na haki. Nikamwambia sawa, lakini hatujawahi kununua hata pasi bila mimi kuishika, kwa hiyo tunakwenda kuchagua pamoja.

Jumapili iliyofuata nikavaa viatu vya kutembelea, tukaenda kule shambani kwa Sébastien. Aliyekuwa na bunduki ya kuuza anaitwa Mawazo, Mkongomani wa Uvira, dekleran pale bandarini, anayewatolea watu mizigo yao kwa forodha. Bunduki yake, loo, ilikuwa mbaya! Mitutu miwili imepandana, mmoja juu ya mwenzake, kitako kimekwaruzwa kama kilikuwa kinachezewa na paka, na mahali fulani kimeviringishwa utepe mweusi. Nikamwangalia mtu mwenyewe. Shati safi, maneno ya pole. Watu wa maneno ya pole ndio ninaowaangalia sana.

"Baba, kama ni nzuri, unaiuzia nini?"

"Macho, mama. Sahani moja ninaona iko mbili, na kila siku ninapiga ile haiko."

Uthmani akacheka. Mimi sikucheka. Kabla hatujamwomba lolote, Mawazo akatia risasi, akasogea mbele, akaita sahani. Ya kwanza akaikosa, ya pili ikapasuka. Kisha akampa mume wangu bunduki ikiwa wazi na tupu.

"Funga macho kwanza," akamwambia. "Nyanyua, weka kwa shavu, halafu fungua macho. Ka unajikuta unaangalia sawa juu ya mututu, iko yako. Ka shingo inatafuta-tafuta, uiache, hata ka ni ya bure. Kwa muchezo huu uzuri wa bunduki ni namna inakukaa."

Uthmani akafanya hivyo. Akafumbua macho, akatabasamu kama bwana harusi. Alipiga sahani, akakosa, akapiga tena, na kila mara anageuka kuniangalia kama nimeona.

Njiani kurudi aliniambia, "Umeona? Amefanya ka sisi. Muuzaji kwanza."

Hiyo ni desturi ya kwetu. Buyenzi, mtu akikuuzia breki ya okazyo, anakufungia, halafu anakaa yeye kwenye usukani kabla yako. Anazunguka na gari, anashuka kule kwenye mteremko, anarudi mzima, ndipo na wewe unapanda. Hakuna aliyeiandika na hakuna anayeiuliza. Muuzaji asiyepanda, breki yake hainunuliwi.

"Nimeona," nikamjibu. "Na mbona alikimbilia kupiga hata hajaombwa? Anatuharakisha aende wapi? Na ya kwanza mbona aliikosa?"

"Macho, mama Khadidja. Amesema macho."

"Wewe ulimwangalia ndani ya macho? Mtu wa Uvira huyu. Kesho akivuka mpaka, tutamlilia nani?"

Nilisema hivyo, na leo ninayajutia maneno hayo. Uthmani akakanyaga mafuta.

Habari ikamfikia mdogo wangu Shakuru. Shakuru na mimi tumenyonya ziwa moja, na yeye naye anauza breki na klachi, barabara ile ile ya Uthmani. Akaja kwetu jioni, akakaa, akanywa chai ya tangawizi, akacheza na watoto.

"Shemeji, nasikia unataka kununua kwa Mukongomani! Sisi tumekufa? Iko daktari mumoja muzee, amerudi kwao, ameacha bunduki na karatasi zote. Kitu cha Ubelgiji. Mi nitakupa kwa bei ya shemeji."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo mno. Ingekuwa ya mtu mwingine yeyote, ningemtoa nje na kikombe chake. Lakini alikuwa Shakuru, niliyembeba mgongoni, niliyemfunga kamba za viatu. Nilimwangalia nikaona mdogo wangu tu. Nikasema alhamdulillah, damu ni damu, nikamwongezea chai.

Jumapili akaileta shambani kwa gari lake, imefungwa ndani ya blanketi. Alipoifunua hata Sébastien alipiga mluzi. Mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, myeusi, inang'aa. Mbao imepakwa mafuta, na kwenye chuma kando wamechonga bata wawili wanaruka. Nilipenda wale bata, Mungu anisamehe. Mawazo alikuwa amekaa kwenye benchi na bunduki yake ya utepe, akaja, akatazama.

Uthmani akaipokea, akaifungua katikati, akachungulia ndani ya mitutu. Kisha mkono wake ukashuka chini, kwenye kile kipande cha mbao kinachoshikwa na mkono wa kushoto. Kile kinatoka, na fundi hawezi kuona kitu kinachotoka asikitoe. Nikamfinya kiunoni. Kwetu mali ya shemeji haifunguliwi mbele yake. Ni kama kuletewa chungu cha wakwe, ukafunua kifuniko ukanusa. Uthmani akaelewa, akautoa mkono.

"Inakukaa?" nikamuuliza.

"Shingo inatafuta kidogo," akasema kwa sauti ya chini. "Itazoea."

Hapo ndipo Mawazo aliposema, kwa upole wake ule ule, "Mwenyewe apige kwanza, basi."

Shakuru akacheka. "Apana, mi bega linaniuma tangu juzi."

Asubuhi ile alikuwa amebeba gia boksi pale barabarani. Nilimwona mwenyewe.

"Piga moja tu," Sébastien akasema.

"Niko na udhu, patron. Sitaki moshi."

Udhu! Tangu lini moshi unavunja udhu? Nikajiambia, Assia, huyo ni mdogo wako, acha ushenzi wako. Uthmani alikuwa ameshasogea mstarini, anatia risasi, na amefurahi, masikini, amefurahi kama mtoto wa Idi.

Nikageuka nimtafute Shakuru, nimwone akifurahi na yeye. Muuzaji siku zote anasimama karibu, apate kusikia mali yake ikisifiwa. Shakuru hakuwa karibu. Alikuwa amerudi nyuma, nyuma kabisa, kwenye pikapu ya Sébastien iliyoegeshwa pale. Na hakusimama mbele yake. Alisimama ng'ambo, injini iko katikati yake na mume wangu, kichwa tu kinaonekana.

Nikakimbilia mstarini.

"Baba Khadidja, ngoja!" nikapiga kelele. "Usipige! Nipe mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nipe."

Uthmani alidhani ninatania. Akanipa, akaushika mtutu uangalie mbele, porini, akanionyesha pa kuweka kidole. Nilikuwa sijawahi kushika bunduki maishani. Ilikuwa nzito, lakini niliinyanyua hadi shavuni, mbao ikanigusa hapa, baridi, chini ya jicho. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pikapu, "Tupa sahani!"

Sikugeuka. Nilikuwa ninasikiliza tu. Yaa Rabi, nilikuwa ninaomba nisisikie kitu.

"Dada, apana!"

Nikasikia miguu inakimbia. "Dada Assia, weka chini! Weka chini, usipige!" Shakuru alikuja mbio, amepoteza kiatu kimoja, akaninyang'anya bunduki mikononi, akaanguka nayo magotini. Uthmani akairukia, akaifungua, akatoa risasi zote mbili. Mawazo akanishika mkono, akaniketisha kwenye benchi.

Safari hii Uthmani hakujali adabu. Akakitoa kile kipande cha mbao. Chini yake, pale mkono unapolala, mtutu wa kushoto ulikuwa umepasuka ukachomelewa, mstari mrefu, ukapigwa tupa, ukapakwa rangi nyeusi. Kwa nje usingeuona. Mawazo akapitisha ukucha juu yake, akatikisa kichwa.

"Hii ingefunguka mukononi," akasema. "Mukono na uso."

Shakuru alikuwa bado chini, analia kama alivyokuwa analia utotoni, kwa mdomo wazi. "Mi nilifikiri itashika, dada. Wallahi nilifikiri itashika. Mwenye alinichomelea alisema itashika. Imenikalia nyumbani, nimekosa mutu wa kununua..."

"Ulifikiri itashika?"

"Wallahi."

"Sasa mimi mbona umenizuia?"

Akaniangalia. Macho ya mama yetu, yale yale.

"We ni dada yangu," akasema.

"Na huyu?" Nikamwonyesha Uthmani kwa kidole. "Huyu ni nani, Shakuru? Khadidja angemwita nani baba? Ulisimama nyuma ya injini ukamwangalia anatia risasi!"

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumwokotea kiatu chake kule kwenye majani, na vyote viwili vilikuwa vinaniuma pamoja.

Uthmani ndiye aliyemsogelea. Tangu siku ya ndoa yetu hajawahi kumwita ndugu yangu kwa jina. Barabarani, gerejini, msibani, ni shemeji tu, hata akiwa amekasirika. Alikirudisha kipande cha mbao mahali pake, akaifunga ile bunduki ndani ya blanketi lake taratibu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Chukua mali yako, Shakuru," akasema.

Shakuru alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa maneno yangu yote. Aliichukua, akaenda garini na kiatu kimoja.

Mimi nikamwendea Mawazo. Nilikuwa sina uso wa kumwangalia, nikawa ninaangalia utepe wa bunduki yake. Nikamuuliza kama bado anaiuza. Akasema bado, mama, macho hayajapona. Akainuka, akatia risasi, akapiga kwanza yeye, kama mara ya kwanza, akaikosa sahani. Nikamwambia Uthmani amlipe.

Tukarudi Buyenzi. Simu yangu ililia mara nyingi njiani, jina la Shakuru, sikuipokea. Nilikaa upande wa kulia nikimwangalia mume wangu anavyoendesha, lile shavu lake, na pembeni ya jicho, na mkono wa kushoto juu ya usukani, vidole vyote.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akauliza. "Unanishuku nini tena?"

"Apana," nikamwambia. "Leo ninakuangalia tu."