Kura ya Mama Mkwe

Mwezi ule walichimba mbele ya geti langu mara tatu, na mimi ndiye mkuu wa dawati la malalamiko katika shirika la maji. Cheka tu, wenzangu ofisini walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwanza walikuja watu wa matengenezo. Bomba lilikuwa limepasuka, wakachimba, wakaziba, wakafukia, nikawashukuru. Udongo haujashikana vizuri, wakaja watu wa mita kubadilisha mita, wakachimba palepale. Nikavumilia. Wiki iliyofuata nikakuta watu wa matengenezo wamerudi na sururu zao, wanatafuta bomba lililopasuka, lile lile waliloliziba kwa mikono yao.

"Nani kawatuma?" nikauliza.

"Ni nyinyi, mama," fundi akanijibu kwa adabu, akinionyesha simu yake. "Dawati la malalamiko."

Niliingia ndani nikaubamiza mlango. Aliyefurahi siku hiyo ni mjukuu wangu peke yake. Ana miaka minne, hushinda kwangu wazazi wake wakiwa kazini na msichana wangu wa nyumbani akimwangalia, na kwake shimo jipya lilikuwa zawadi.

Sasa, mtu aliyeajiriwa kututibu ugonjwa huu alikuwa baba wa mtoto huyo, yaani mkwe wangu. Si mimi niliyemleta, naomba hilo lieleweke. Aliomba kazi kama wengine, akahojiwa, na mimi nilisikia kwa binti yangu wakati ameshasaini. Mlangoni kwake waliandika "Msanifu wa Mifumo ya Shirika". Kazi yake ilikuwa kulitazama shirika zima kwa pamoja, kazi tunazofanya, watu wanaozifanya, taarifa wanazopashana na kompyuta zinazozibeba, ahakikishe vinashikana kabla mtu hajanunua mashine nyingine. Ofisini walimwita Bwana Ramani. Mimi sikumwita chochote. Mkwe hazoelewi, basi tulisalimiana kwenye korido kila mtu akitazama viatu vyake, tukapita.

Mkataba wake ulikuwa wa majaribio na ulikuwa unakaribia kwisha. Mkurugenzi alishasema wazi: wakuu wa idara tatu zinazogusa mabomba wakikubaliana mpango mmoja, Bwana Ramani atabaki. Wasipokubaliana, ataondoka, na shirika litanunua ule mfumo mkubwa ambao muuzaji wake aliahidi utamaliza matatizo yote kwa mkupuo. Mkwe wangu alikuwa na kazi nyingine inayomsubiri katika mji wa mbali, kwa ndege. Binti yangu alikuwa ameanza kupakia vitabu kwenye maboksi. Kila nikiwaza nyumba yangu bila yule mtoto, nampigia binti yangu simu bila sababu.

Nikiri kwamba alifanya kazi kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Mtaalamu aliyemtangulia alituachia kitabu kinene chenye picha za rangi, ambacho mpaka leo kinazuia mlango wa chumba cha chai usijifunge. Huyu wetu alibandika karatasi ya kaki ukuta mzima wa korido, akachora kazi zetu kwa mkono, akafunga kalamu kwa kamba ili kila apitaye asahihishe. Watu walichorachora wee. Mhudumu wa mapokezi alifuta mshale mzima na kuandika pembeni, "Hii haijawahi kutokea." Mkwe wangu alifurahi kuliko siku aliyopewa ofisi. Alisema mchoro usiochafuliwa na watu ni mchoro usiosomwa.

Siku moja akaja mezani kwangu, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba kuuliza. Lalamiko likishashughulikiwa, dawati linajuaje?"

"Tunaambiwa."

"Na nani, mama?"

Akaniomba twende kwenye karatasi, akachukua uzi na pini, tukalifuata lalamiko moja tu, lile la geti langu. Uzi ulitoka kwa jirani aliyepiga simu, ukaingia dawatini kwangu, ukaenda idara ya matengenezo, ukafika shimoni. Hapo ukabaki unaning'inia. Hakukuwa na njia ya kurudi. Fundi aliandika kwamba ameziba, lakini aliandika kwenye mfumo wa idara yake, nao hausemi na wangu. Watu wa mita nao wana wao, hausemi na yeyote. Na wangu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliagiza hivyo, ukiona lalamiko halijafungwa kwa wiki nzima unalituma upya. Miaka yote nilijivunia kwamba hausahau. Kumbe ndio uliowarudisha mafundi getini kwangu.

"Hakuna aliyekosea," mkwe wangu akasema taratibu. "Kila idara ilifanya sawasawa."

"Na shimo?"

"Shimo ni letu sote, mama."

Basi mpango wake ukawa huu. Lalamiko likae mahali pamoja, kuanzia simu inapolia mpaka maji yanapotoka, na idara zote tatu zisome na kuandika hapo hapo. Kila taarifa iwe na mwenyewe mmoja anayejulikana. Tuanze na uzi huo mmoja, tusijaribu kubadili shirika zima kwa siku moja. Na kila kipya kikiingia, cha zamani kitoke, tusirundike. Hapo kwenye kutoka ndipo aliponichoma, maana cha kwanza kwenye orodha ya kutoka alikuwa Mkongwe.

Mkongwe ndio mfumo wangu. Nilimjenga kidogo kidogo na vijana wawili wa kompyuta, wakati ambapo shirika halikutaka hata kutununulia viti. Anajua mji huu kwa majina ya watu wenyewe: nyuma ya kinyozi, geti la bluu lisilo na namba, ghorofa ambalo halijaisha. Idara nyingine zina namba za viwanja ambazo hata wenye viwanja hawazijui. Nilipoona jina lake limepigwa mstari mwekundu, niliumia, tena sana.

Lakini nilikuwa na mpango wangu. Nitasema ndiyo kwenye kikao. Mkwe wangu atabaki, mjukuu atabaki, na Mkongwe tutaendelea kumtumia chini kwa chini, nani atajua? Vijana wangu wa dawati wanajua kunyamaza.

Jumapili mkwe wangu alikuja kumchukua mtoto. Kwa kawaida huishia barazani. Safari hii akavua viatu, akaingia, akasimama karibu na kabati, macho chini.

"Mama, naomba nisikosee adabu. Kesho kwenye kikao, usinikubalie kwa ajili ya mtoto."

"Nani kakwambia nitakubali kwa ajili ya mtoto?"

"Hakuna, mama. Ila ukikubali kwa ajili yetu, hutautumia. Utarudi kwa Mkongwe kimyakimya, na wenzako nao watarudi kwenye mifumo yao. Mpango utakufa na mimi nikiwa hapo hapo nalipwa mshahara. Bora niondoke."

Nilimkazia macho huyu kijana aliyeingia kichwani mwangu bila hodi. Nikamwambia mtoto avae viatu. Usingizi wa usiku ule sikuuona.

Kikaoni tulikuwa wachache: mkurugenzi, mkwe wangu, mimi, mkuu wa matengenezo tunayemwita Bwana Mabomba, na mkuu wa mita tunayemwita Dada wa Mita ingawa ana wajukuu. Mkurugenzi aliuliza swali moja: nani yuko tayari kuachia nini?

Bwana Mabomba alikohoa. "Mpango ni mzuri sana. Safi kabisa. Ila idara yangu, mkurugenzi, ina mazingira ya kipekee."

"Na mimi naunga mkono mia kwa mia," akasema Dada wa Mita. "Wenzetu waanze, sisi tutajifunza kwao."

Kumbe kila mtu aliupenda mpango mradi umguse jirani. Mkurugenzi akanigeukia. Sikuwa nimesema hata neno, mkwe wangu akanyoosha mkono.

"Mkurugenzi, kabla hajasema. Mkuu wa malalamiko ni mama mkwe wangu. Nilikueleza siku ya kwanza, lakini leo naomba iandikwe. Mkataba wangu unategemea kikao hiki, kwa hiyo kura yake isihesabiwe."

Watu wakainamia makaratasi yao, wakijifanya wamepata habari mpya, jambo ambalo hata mlinzi wa getini alilijua. Mimi damu ilinichemka. Miaka yote hii kwenye shirika, nimetukanwa na nusu ya mji kwa simu, leo kura yangu isihesabiwe? Tena anayeikataa ni huyu, niliyemkabidhi binti yangu? Nilitaka kuinuka nitoke. Nilikuwa nimeshashika mkoba. Ndipo nikagundua kwamba amenifungulia mlango. Sina kura, basi sina cha kumfanyia hisani. Kilichobaki mkononi mwangu ni kile ambacho ni changu kweli.

"Sawa," nikasema, nikabaki nimesimama. "Kura mmeninyima. Lakini Mkongwe ni wa idara yangu na hilo hamwezi kuninyima. Azimwe wa kwanza."

Mkwe wangu aliinua uso.

"Sijamaliza," nikaendelea. "Majina ya mitaa yahamishwe yote kama watu wanavyoyasema, asitokee mjuaji wa kuyafupisha. Mifumo yote miwili ifanye kazi pamoja mpaka vijana wangu wenyewe waache kumfungua wa zamani, si mpaka tarehe ya mtu. Na lalamiko lisifungwe na fundi. Lifungwe na aliyelalamika, akisema maji yanatoka. Andikeni pia sababu ya uamuzi huu na nani kaamua. Likiharibika, wakija wengine miaka ijayo, wajue ni mimi na nilikuwa nafikiria nini."

Bwana Mabomba akashtuka. "Sasa wewe ukizima, kazi za watu wangu zitatoka wapi?"

"Huko kwenye mfumo mmoja. Utaufungua, au utakaa ofisini unywe chai."

Dada wa Mita alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mimi nimechoka kuchimba palipochimbwa jana," akasema. "Mafundi wangu wanatukanwa kwa makosa ambayo hawajui ni ya nani. Tuingizeni baada ya malalamiko." Bwana Mabomba akatazama huku na huku akitafuta mwenzake, hakumpata. Akasema na yeye yumo, ila mafunzo yaanze na watu wake.

Mkurugenzi akaurudisha mkataba wa yule muuzaji kwenye droo. Kwa Bwana Ramani akaongeza muda kidogo tu: abaki mpaka mfumo wa kwanza uzimwe. Ukizimika salama, atampa mkataba kamili. Usipozimika, kila mtu na njia yake.

Nilimkuta mkwe wangu kwenye korido, mbele ya karatasi yake ya kaki. Nikasahau ukwe.

"We mtoto wa watu! Unaniumbua mbele ya mkurugenzi?"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha. Umefanya sawasawa. Ila nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka Ijumaa!"

Akacheka. Tangu amuoe binti yangu sikuwahi kuona meno yake yote. Na mimi nikacheka, nikajikuta nimemshika bega.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, nisidanganye. Majina mengine yaliingia kichwa chini miguu juu. Bwana Mabomba alinuna, akanunua kofia mpya, akaacha kununa. Mkwe wangu alikaa dawatini na vijana wangu, akapokea simu mwenyewe, akatukanwa vizuri, akarekebisha. Kidogo kidogo vijana wakaacha kumfungua Mkongwe. Mmoja akaniambia, kwa aibu, kwamba hata nywila yake ameisahau.

Nilimzima mwenyewe. Nilibonyeza, skrini ikawa nyeusi, nikalia. Vijana wangu wote ghafla walikuwa na vitu vya kutafuta chini ya meza, Mungu awabariki. Simu ikalia na hakuna aliyeinuka, nikaipokea mimi.

Alikuwa mwanamke mwenye hasira: alishapiga simu asubuhi, maji bado yanafurika uani kwake na hakuna anayejali. Niliandika jina la mtaa wake, na kabla hajamaliza kunisema, nikawa naona kila kitu: nani ametumwa, na Bwana Mabomba mwenyewe yumo, wameondoka wapi, wamefika lini.

"Mama, mafundi wako nje ya geti lako sasa hivi," nikamwambia. "Mkubwa wao amevaa kofia mpya. Wameandika kwamba wamegonga, labda hujasikia. Nenda uwafungulie."

Nilisikia hatua zake, komeo la geti, kisha sauti yake kwa mbali, hasira yote imekwisha: "Haa! Kweli wapo!" Akasahau hata kukata simu. Mimi pia sikukata, nilitaka kusikiliza wanavyosalimiana.

Jioni binti yangu akanipigia.

"Mama, mwenzangu amekuja na mkataba. Sasa hivi anatoa vitabu kwenye maboksi."

Nilikaa kitini pale barazani.

"Mwambie avipange vizuri," nikasema. "Asirundike."

Nyuma yake nikamsikia mjukuu wangu akipiga kelele kwamba boksi kubwa likishakuwa tupu ni lake, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kulitupa.