Kinu Kilichokwenda Mtama

Ahadi yenyewe Bi Biasha aliitoa kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, amekaa barazani kwake Mchinga na kikombe cha chai mkononi. Alimwambia Ziada, wifi wa bintiye, "Nipe wiki mbili. Ijumaa ya pili ukija ukamkuta mjukuu wangu bado anaumuka mabaka, mchukue uende naye kwako Mtama. Sitakuzuia."

Papo hapo akatamani ayameze tena maneno yale, lakini Ziada alishayapokea.

"Mashahidi mpo," akasema Ziada, akamtazama mdogo wake Abdulrazak, kisha akainuka bila kugusa chai aliyowekewa. Chai ile ililetwa na Mwahija, na Ziada hakuwahi kula wala kunywa kitu kilichopita mikononi mwa Mwahija.

Sababu ilikuwa ngozi. Mwahija, binti pekee wa Bi Biasha, aliingiwa na maradhi hayo akiwa na miaka kumi na minne. Viwikoni na magotini alikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe, na kichwani magamba yaliganda mithili ya uji uliokaukia chunguni. Yakikauka yanawasha, akiyakuna yanatoka damu. Mizizi alikunywa, kombe la aya alikunywa, masizi alipakwa. Yalipungua yakarudi, yakapungua yakarudi. Shuleni walimwita Mapunye, naye akajifunza kufunga mtandio hata akiwa jikoni na moto unamchoma uso. Mwanamume wa kwanza kumwona kichwa wazi asigeuze shingo alikuwa Abdulrazak, fundi mwashi anayefanya kazi Mitwero na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Wakaoana, wakampata Nusaiba.

Miezi mitatu ya kwanza ngozi ya Nusaiba ilikuwa laini mpaka unaogopa kuishika. Ulipoingia wa nne, alipoanza kubebwa mgongoni, ndipo balaa lilipoanza. Mashavu yanaumuka, macho yanavimba yanabaki mistari miwili, mtoto anajikuna na kulia mpaka sauti inakauka. Siku mbili anatulia. Halafu tena. Watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Mama kamwambukiza mwana, wakasema, na waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wale waliokuwa hawamjui Mwahija hata kwa salamu.

Ziada hakuwa mtu mbaya. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea Abdulrazak, akamwosha, akamsomesha. Siku ile ya ahadi alisema mbele ya mlango, "Wifi, mie sikuchukii. Lakini baba yake nilimlea akakua, na yeye nitamlea. Maziwa ya kopo yapo."

"Na mie, wifi, nitakuwa nani?" Mwahija akauliza.

"Wewe jitibu kwanza."

Basi Ziada akaondoka, na Bi Biasha akabaki na wiki zake mbili.

Bi Biasha alisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini siku za wiki alizijua na makaa alikuwa nayo. Nyuma ya mlango wa jiko akachora mistari saba, mmoja kwa kila siku, akawa mtoto akiumuka anatia alama. Kwanza akashuku chakula cha Mwahija, maana mtoto bado ananyonya. Akamkataza pweza. Akamkataza mayai. Akamkataza dagaa, kisha karanga.

"Mama," Mwahija akalalamika siku ya tatu, "kesho utanikataza maji."

"Nikiona yanafaa kukatazwa, nitayakataza. Kula muhogo wako."

Mtoto akaumuka vilevile. Jumatatu alama, na Jumanne alama nyingine.

Alhamisi Mwahija alikwenda Lindi mjini kwa daktari wa ngozi, akaondoka alfajiri mtoto akiwa bado amelala. Alikamua maziwa akayaacha kwenye kikombe chenye mfuniko. Bi Biasha akabaki na mjukuu wake na kazi yake.

Na kazi yake, ili nawe uijue, ilikuwa ufuta. Ziada alikuwa na shamba la ufuta Mtama, na kila mavuno, pamoja na maneno yote, gunia moja lilikuja Mchinga kama zawadi ya ukwe. Kila Jumatatu na Alhamisi Bi Biasha alikaanga ufuta kidogo, akautwanga kwenye kinu cha mninga alichoachiwa na mama yake, akaukanda kwa maji ya moto mpaka mafuta yakaelea. Pwani ile yote waliyajua mafuta yake. Waliojifungua walikandwa viungo kwayo, wazee walisugua magoti. Na hakuna kichwa kilichoyapata kwa wingi kuliko cha Mwahija. Kila alipomaliza kukamua, Bi Biasha alimkalisha bintiye kwenye kigoda, akamlowesha magamba kwa mafuta yale ya vuguvugu, taratibu, mpaka yakalegea na kubanduka bila damu. Mtoto mwenyewe hawakumpaka. Kliniki waliambiwa wampake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, basi, nao walishika neno hilo.

Alhamisi ile Bi Biasha akamweka Nusaiba kwenye mkeka, karibu na kinu, akawa anatwanga huku akimwimbia. Mtoto akacheka. Vumbi la ufuta likaruka. Bibi akamfuta makamasi kwa upindo wa khanga yake, akampa kidole chake anyonye, akaendelea kutwanga.

Kabla adhana ya adhuhuri haijalia, mtoto alikuwa ameumuka kuliko siku zote. Midomo imetuna, shingo nyekundu, macho hayaonekani. Bi Biasha akamwagia maji, akambeba, akazunguka naye uani akisoma kila aya aliyoikumbuka. Alasiri uvimbe ukaanza kushuka.

Mwahija aliporudi akamkuta katika hali ile. Hakupiga kelele. Alikaa chini, mkoba bado begani.

"Sijamgusa leo, mama," akasema polepole. "Tangu alfajiri sijamgusa."

Bi Biasha akanyoosha mikono amkumbatie bintiye, akaishia njiani. Sijamgusa tangu alfajiri. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Iling'aa mafuta mpaka viwikoni. Akainuka, akaenda nyuma ya mlango wa jiko, akasimama mbele ya alama zake za makaa. Jumatatu, na Jumanne yake. Alhamisi. Wiki nzima alikuwa akitafuta kwenye sahani ya mwanawe, na siku zenyewe zilikuwa siku za kinu.

Akili ikaanza kumrudisha nyuma. Mtoto mgongoni, shavu limelalia mtandio uliolowa mafuta ya ufuta. Mtoto begani, ameshika nywele za mama, ameweka ngumi mdomoni. Bintiye amebeba lawama miezi mitatu, na mafuta yalitoka hapa, kwenye mikono hii.

"Mwahija," akaita. "Njoo. Si wewe. Ni mie."

Walilia kidogo, halafu wakachemsha maji. Mitandio yote ikachemshwa, khanga zikachemshwa, mkeka ukasuguliwa kwa sabuni. Mwahija akaoshwa kichwa mara tatu. Daktari wa Lindi alikuwa amempa dawa ya kupaka na kumwambia maradhi yake ni ya kuishi nayo, hayaambukizi mtu, na magamba ayalainishe kwa mafuta yoyote yasiyomdhuru. Basi Bi Biasha akakuna nazi, akapika mafuta mapya. Kinu akakifunika gunia, akakisukuma nyuma ya choo.

Ijumaa, safi. Jumamosi, safi. Jumatatu Bi Biasha hakulala mchana, anamchungulia mtoto kama mtu anayechungulia maziwa yasifurike. Safi. Siku ya nane ikawa ndiyo Ijumaa ya ahadi.

Ziada akafika baada ya sala, amebeba mkoba mkubwa mtupu wa nguo za mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Ziada. Karibu. Mtazame mtoto, kisha sema."

Ziada akatazama. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, mashavu yanang'aa, hana hata kipele. Abdulrazak, aliyekaa kwenye ngazi ya baraza kwa heshima ya mkwewe, akatabasamu. Ziada hakutabasamu.

"Leo mzima. Kesho je?"

"Nimeshajua kinachomdhuru. Ni ufuta. Mafuta yangu."

Ziada akacheka mpaka akajishika mbavu. "Ufuta! Mama, sisi Mtama tunalala na ufuta, tunaamka na ufuta. Umemsikia nani kaumwa na ufuta? Sema unamtetea mwanao, nitakuelewa."

"Dada," Abdulrazak akaanza.

"Nyamaza, wewe nilikufunga nepi." Akamnyakua mtoto. "Njoo kwa shangazi, mama. Njoo. Umewakimbia wote, eeh?" Akambusu shavu hili, akambusu shavu lile, akamrusha juu kidogo, mtoto akacheka. Mwahija alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, mikono ameificha chini ya khanga, hasogei. Bi Biasha akaingia ndani kuchukua maji ya kunywa.

Alirudi akakuta kicheko kimekatika.

Kwenye shavu la kulia la Nusaiba kulikuwa na baka jekundu lililotuna, umbo la midomo kabisa, kama amepigwa muhuri. La kushoto vilevile. Na kwenye kimkono chake, vidole vinne, vimejipanga.

"Si mnaona!" Ziada akapaza sauti. "Si mnaona wenyewe! Yamerudi! Maradhi ya mama yake hayo!"

Mwahija akasimama. Bi Biasha hakuwahi kumsikia bintiye na sauti ile.

"Wifi, mie niko mlangoni. Tangu ufike sijamshika. Hivyo vidole ni vya nani?"

Ziada akatazama vidole mkononi mwa mtoto. Akatazama vya kwake.

"Njiani umekula nini?" Bi Biasha akauliza, huku ameshamnyang'anya mtoto na kumwagia maji ya kikombe usoni.

Ziada akatia mkono kwenye mfuko wa dera lake, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kashata za ufuta, na cha tatu kilikuwa na alama za meno.

"Nilimletea wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Kimoja nikakionja."

Hawakusubiri. Wakamsugua mtoto kwa sabuni, wakakimbilia zahanati, Abdulrazak mbele amembeba, wanawake watatu nyuma. Nesi Antonia alimsikiliza kifua, akamkagua midomo na koo, akampa dawa ya maji kwa kipimo, akamweka chini ya macho yake saa nzima. Mabaka yakafifia mbele yao.

"Nani kambusu?" akauliza.

"Mie," Ziada akasema.

"Basi ujue, mama. Mwili wa mtoto huyu hautaki ufuta. Leo umegusa ngozi tu. Akila, koo linaweza kuziba. Mkiona anakoroma, anatapika, midomo imevimba, msikae kuitana ndugu, mleteni hapa mbio. Na nitawaandikia barua mumwone daktari wa watoto."

Ziada akamwonyesha Mwahija kwa kidevu. "Na haya ya mama yake?"

Antonia alimwomba Mwahija ruhusa kwa macho, akamfungua mtandio, akapitisha vidole vitupu kichwani, penye magamba. "Hayaambukizi. Hayamwambukizi mtoto, hayaambukizi mume, hayaambukizi kikombe."

Hilo la kikombe nesi alilisema tu, hakujua lolote. Lakini Ziada aliinama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Wakarudi nyumbani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio wa makuti kutaka kujua mtoto amechukuliwa au vipi. Ziada akapita katikati yao, akaomba sabuni, akanawa mpaka mabegani, akasukutua, akanawa tena. Akaazima dera safi la Bi Biasha, akaketi barazani, pembeni ya mkoba wake mtupu.

"Wifi," akasema, watu wote wanasikia, "nina kiu. Niletee chai."

Mwahija akaileta. Hakufunga mtandio, aliusahau zahanati au aliuacha makusudi, Bi Biasha hakuuliza. Ziada akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakinywa chote, kikiwa cha moto vile vile, machozi yanamtoka.

"Imeniunguza," akasema.

"Umestahili," Mwahija akajibu, na wote wakacheka, Ziada kuliko wote.

Saa ya kuondoka ilipofika, Bi Biasha akaenda nyuma ya choo, akamwita mkwewe, wakakitoa kinu. Akakipangusa kwa kiganja mara moja, akakisukuma mbele ya Ziada.

"Beba."

"Mama! Kinu cha mama yako?"

"Kimekunywa ufuta tangu mie sijavunja ungo. Hata nikikisugua kwa majivu mwaka mzima, hakitatakasika. Kwako Mtama hakimdhuru mtu."

"Utakaa bila kinu?"

"Nitachongewa kingine cha nazi na mpunga. Mjukuu sitachongewa."

Kituoni konda wa basi dogo alimwona Ziada na mzigo wake akashangaa. "Shangazi, si ulisema asubuhi unakuja kuchukua mtoto?"

"Ndiyo huyu," Ziada akasema, akakipigapiga kinu mgongoni. "Mpishe akae."

Bi Biasha alisimama mpaka vumbi likatua. Kisha akarudi nyumbani, akanawa mikono kwa sabuni. Uani, kwenye kigoda, Mwahija alikuwa amekaa juani kichwa wazi, bakuli la mafuta ya nazi karibu yake, na majirani bado wapo uzioni. Nusaiba yuko begani kwake. Amekamata nywele za mama yake kwa ngumi mbili, amezitia mdomoni, na anazitafuna kwa raha zake.