Taa ya Tangi la Mwalimu

Mama Cherehani alikuwa akiliita lile tangi la samaki mke mwenzake. "Mwenzangu huyo hafui wala hapiki, na bado ndiye anayetazamwa kutwa," aliwaambia wateja waliokuja kupimwa nguo. Wateja walicheka, na mumewe akacheka kuwashinda.

Mumewe alikuwa mwalimu wa biolojia aliyestaafu, mpole, mtu wa maneno machache. Tangi lake lilikula ukuta mzima wa sebule, urefu wa mita mbili na ushee, na ukizamisha mkono kugusa mchanga maji yalikufika begani. Samaki walikuwa wachache, maana Mwalimu hakuwa mtu wa samaki. Alikuwa mtu wa majani. Kulikuwa na marefu yaliyoyumba kama nywele, mapana yenye rangi ya damu ya mzee, na yale mafupi ya chini yaliyotandaa kama zulia. Aliyapogoa kwa mkasi mrefu, na kila alipomaliza alirudi kwenye kiti chake mbele ya kioo, akatazama kazi yake mpaka chai ikapoa.

Asubuhi moja Mama Cherehani alimwambia, "Zima hiyo taa bwana, inaniumiza macho." Mwalimu akazima, akaketi. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anashona sare za shule. Alishona saa nzima, huku akimsimulia kisa cha mteja mmoja mkorofi aliyetaka gauni lipunguzwe na kuongezwa siku hiyo hiyo. Kisa kilipoisha na hakuna aliyecheka, akageuka. Hakuanza kumwona mumewe mwenyewe. Alianza kuona sura yake ndani ya kioo cheusi cha tangi, kichwa kimelalia bega, macho wazi, kama mtu anayesikiliza.

Waliokuja kumpa pole waliambiwa alifariki ghafla. Habari ya ile saa nzima aliyompa mgongo hakumwambia mtu, hata binti yake.

Wiki kadhaa zilipita hakuna aliyegusa tangi. Samaki aliwatupia chakula kwa mbali, kama mtu anayelisha mbwa wa jirani. Siku alipojitia moyo kuwasha taa, ilipepesa mara mbili, ikatoa harufu ya kuungua, ikafa. Alasiri ile ile, akiwa na futi ya kupimia shingoni, alipita mbele ya kioo na kusimama ghafla.

Dirisha lilikuwa wazi na sebule ina mwanga, lakini ndani ya tangi mlikuwa giza, kwa hiyo kioo kilionyesha chumba chote. Aliona meza, cherehani, yeye mwenyewe, na kiti. Kitini alikuwa ameketi Mwalimu.

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, mto wake umebonyea kidogo katikati. Alipotazama kioo tena, mumewe alikuwapo, amevaa shati lake la kijivu, mikono juu ya magoti.

Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akabaki hapo mpaka jua likaondoka dirishani na kioo kikawa hakionyeshi kitu.

Mtu huzoea mambo asiyoyatarajia. Juma lililofuata aliisogeza cherehani ili akishona aelekee kwenye kioo. Alimsimulia habari za wateja, akamlalamikia bei ya uzi, akamuuliza kama koti la fulani limekaa sawa mabegani. Mwalimu hakujibu, lakini hata alipokuwa hai hakuwa mjibuji sana. Kilichomkosesha raha mkewe ni kwamba siku zilivyokwenda, mumewe hakumtazama tena. Alikuwa akiinamia mbele, macho chini ya tangi, vidole vimeng'ang'ania mkono wa kiti. Huko chini zulia la majani lilikuwa linageuka manjano, linaoza na kung'oka vipande vipande.

Binti yao, aliyekuwa nesi na aliyeishi mtaa mwingine, alikuja Jumamosi akaziba pua mlangoni.

"Mama, maji haya yananuka. Tangi hili ama tuliuze, ama tulitengeneze. Na wewe uhamie kwangu, mbona unajitesa?"

"Siendi popote."

"Basi namleta fundi."

Fundi alikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Alikuwa mtu wa makamo, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, mdomo haupumziki. Alikuja na taa tatu zilizofungwa kwenye blanketi. Alipiga magoti mbele ya tangi akaanza kupima kwa utepe, akijisemea namba, huku Mama Cherehani akikata kitambaa mezani.

"Shikamoo mzee," fundi alisema bila kugeuka. "Samahani, nimeingia sikukuona. Hivi taa ya zamani ilikuwa ya wati ngapi?"

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

Fundi alingoja jibu, kisha akageuka. Akatazama kiti, akatazama kioo, akarudi tena kwenye kiti. Miwani ilimdondoka ikamkalia puani.

"Mama, humu ndani tuko wangapi?"

"Wawili, fundi. Wewe na mimi."

"Wawili." Alijaribu kuukunja utepe, ukamponyoka mara mbili. "Basi tufanye kazi haraka."

"Umemwona amekaaje?"

"Mama, mimi nimekuja kwa habari ya taa."

"Nakuuliza amekaaje."

Fundi alikitazama kioo tena. "Ameinama. Kama mtu aliyeangusha kitu majini na hawezi kukifikia."

Mama Cherehani alivuta kigoda akaketi. Tangu mumewe afe, ilikuwa mara ya kwanza kwake kuwa na mtu wa kumwambia jambo hili, na mtu huyo alikuwa na hamu ya kukimbia. Hata hivyo hakukimbia. Alifunga taa ya kwanza juu ya tangi, akaiwasha.

Ilikuwa taa fupi, yenye mwanga wa upole. Majani marefu ya juu yalipata rangi, lakini mwanga ulichoka kabla ya kufika chini. Nusu ya chini ya kioo iliendelea kuonyesha chumba, kiti na aliyekikalia.

Ya pili ilikuwa na wekundu wa zambarau. Majani mapana yaliwaka kama makaa, samaki wakaonekana kama wamepakwa rangi. "Hii inapendwa na wenye hoteli," fundi alisema kwa sauti ya chini. Mwalimu alibaki kama moshi, mikono tu ndiyo iliyoonekana vizuri. Mama Cherehani alikunja uso. "Zima. Mume wangu hakuwa na baa."

Ya tatu ilikuwa ndefu karibu sawa na tangi lenyewe. Fundi aliining'iniza kwa waya nne, lakini hakuiwasha.

"Mama, sikiliza. Tangi lako lina kina kirefu, na mwanga wa kufika chini ni huu tu. Lakini kukiwa na mwanga mwingi ndani kuliko nje, kioo hakionyeshi chumba tena. Utaona majani, basi. Sijui kama unanielewa."

"Nakuelewa vizuri sana. Na ile ndogo ya kwanza?"

"Ile, kioo kitabaki hivi kilivyo. Ila majani ya chini hayamalizi mwezi."

"Toka nje kidogo, mwanangu."

Fundi hakuambiwa mara ya pili.

Mama Cherehani alisimama mbele ya kioo. Ndani yake alijiona, mwanamke mwenye nyuzi zimemnasa kifuani, na nyuma ya bega lake mumewe ameinama vile vile.

"Mimi ndiye niliyekwambia uzime," alisema. "Nikakupa mgongo nikapiga soga saa nzima, na wewe huko nyuma unaniacha. Kama uliniita sikusikia. Mashine ilikuwa inalia."

Mwalimu aliinua uso. Alimtazama mkewe moja kwa moja, mtazamo usio na hasira wala tabasamu, ule aliokuwa nao alipongoja mwanafunzi amalize kujibu swali. Kisha macho yake yakarudi chini, kwenye majani yanayokufa, yakabaki huko.

Mama Cherehani alisimama hapo mpaka fundi akakohoa barazani.

"Njoo," alimwita. "Washa hii kubwa."

Mwanga ulishuka mpaka mchangani. Kioo kiliacha kuwa kioo, kikawa kama dirisha lililofunguliwa. Aliona konokono asiojua kama wako hai, vishina vya kijani katikati ya zulia lililooza, mizizi myeupe kama uzi. Chumba, kiti na mtu wake havikuwemo tena. Fundi alianza kuondoa majani mabovu akieleza kwa haraka: saa saba kwa siku, zisizidi, maana mwanga ukizidi huota mwani na tangi lote hugeuka tope la kijani. Alifunga swichi ya saa ili taa ijiwashe na kujizima yenyewe. Walipokuwa bado wanasafisha, mapovu madogo sana yakaanza kutoka kwenye majani mazima, moja moja, yakipanda juu.

"Yanapumua," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilitulia.

Mama Cherehani alilia, mkono wake ungali majini mpaka kwenye kiwiko.

Siku za kwanza, saa ya taa kuzimika ilipokaribia, alikwenda jikoni akajifanya ana shughuli. Jumamosi binti yake alikuja, akastaajabu kuona maji yanang'aa. Waliketi pamoja, na mama akamwambia yote, saa ile ya asubuhi na kioo pia. Kuhusu ile saa binti alisema, "Mama, moyo ukisimama namna ile, mtu hawahi kumwita yeyote."

"Unajua hivyo, au unanifariji?"

Nesi aliyatazama mapovu. "Sijui, mama. Wengine huwahi."

"Ahsante kwa kuniambia kweli."

Swichi ikalia ta! na taa ikazimika. Nje jua lilikuwa bado halijazama na sebule ilikuwa na mwanga wa kutosha. Binti, ambaye alikuwa hajasema kama anaamini au haamini, aligeuza kiti chake upesi akakipa kioo mgongo.

Mama Cherehani alikitazama kioo. Aliwaona wawili, yeye na mgongo wa mwanawe. Aliendelea kutazama mpaka giza likaingia, akiwa tayari kwa lolote, na hakuna mwingine aliyekuja.